Vidole Vyangu na Chanjo ya Majaribio

Leo kabla ya adhuhuri nimesuka vichwa viwili, kimoja twende kilioni na kingine rasta za kati, na vidole vyangu havijalalamika. Naanza na mwisho kwa makusudi. Kama unasoma haya huku viungo vyako vimevimba, au umeombwa kushiriki majaribio ya chanjo na usingizi umekukimbia, sitaki uteseke kurasa nzima ukijiuliza kama mwandishi alipona. Nilipona. Sasa sogea tuzungumze.

Mimi ni Godeliva, msusi wa Bangwe, Kigoma. Kibanda changu ni baraza la nyumba yetu, lenye viti vitatu na kioo kilichopasuka pembeni. Nilivuka mpaka kutoka Burundi nikiwa mgongoni kwa mama, nikakulia kambini upande wa Kasulu, nikaolewa na Muha mmoja mkaidi aitwaye Filbert, fundi wa injini za boti pale Kibirizi. Ndiyo maana mimi naishi mjini, na mama yangu bado yuko kambini.

Nilipokuwa msichana, homa ya kupinda viungo iliingia kambini. Wenye elimu huiita chikungunya, nayo huletwa na mbu wanaouma mchana. Wengi waliugua, wakalala, wakanyanyuka. Mama alinyanyuka, lakini mikono yake haikunyanyuka naye. Vidole vilibaki vimevimba kwenye vifundo, akawa hawezi kulishika jembe wala kufungua pakiti ya chumvi. Mimi nililala naye kitanda kimoja na homa ile haikunigusa. Sijui kwa nini, mbu nao wana watu wao.

Kwa hiyo siku tulipoitwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa kuelezwa kwamba ipo chanjo ya homa ile, na wanatafutwa watu wachache wazima wa kuipokea mapema, nilinyoosha mkono kabla maelezo hayajaisha. Daktari akaniambia nishushe kwanza nisikilize. Alisema chanjo imeshajaribiwa kwa wanyama, na kwa sisi wa mwanzo hawatafuti kujua kama inazuia ugonjwa. Wanatafuta kujua inamfanyia nini mwili wa mtu. Kundi la kwanza tungepewa kiasi kidogo, na kama tukikaa salama, kundi la pili lingepewa kikubwa zaidi. Alirudia mara nyingi kwamba mtu anaweza kujitoa siku yoyote bila kuulizwa. Damu yangu ikapimwa, ikaonekana sijawahi kuugua homa ile, nikaandikwa kundi la kwanza.

Filbert alipojua, aliweka kijiko chini.

"Wewe ni sungura wa majaribio?"

"Mimi ni binti wa Domitila," nikamjibu. "Umeiona mikono ya mama yangu."

"Nimeiona. Na yako nayo naiona. Ndiyo inayolisha nusu ya nyumba hii."

Alininunia mwezi mzima, tangu boti zilipopumzika kwa mbalamwezi mpaka zilipopumzika tena. Wateja nao hawakuniacha. Mmoja alisema damu yetu inauzwa ng'ambo. Mwingine alisema sitazaa tena, nikamwambia hiyo ingekuwa habari njema, ninao wanne. Wa tatu, Mungu amsamehe, aliuliza kwa sauti ndogo kama na yeye atachanjwa nikimsuka.

Sindano ya kwanza nilichomwa mwishoni mwa kiangazi, vumbi likiwa jekundu hadi kwenye kope. Chumba cha kusubiria kilikuwa stoo zamani, bado kilinuka magunia. Baada ya kuchomwa ulitakiwa ukae pale uangaliwe, kwa hiyo tulizoeana. Jirani yangu wa benchi alikuwa Mzee Rajabu wa Ujiji, mvuvi wa dagaa ambaye wazazi wake walitoka ng'ambo ya ziwa, Kongo. Hakuwa mzee kwa umri, ila alipenda kuitwa hivyo, na sisi tulimpa. Mke wake, Bi Mwajuma, alipangwa kundi la pili. Mzee Rajabu alijivunia jambo hilo. "Mimi nafungua njia, mama anapita," alikuwa akisema, na Bi Mwajuma anamkata jicho.

Mkono uliniuma kidogo, ukaacha. Kila jioni Sista Neema, muuguzi wetu, alinipigia simu. Ni Muha wa Kidahwe, ana sauti ya kuimba kwaya.

"Mama, habari za leo?"

"Nzuri, Sista."

"Hakuna tatizo?"

"Hakuna, tunamshukuru Mungu."

Na kweli zilikuwa nzuri. Nikaanza kumtambia Filbert.

Sindano ya pili ilikuja na mvua za kwanza. Siku chache baadaye nilikuwa namsuka mwalimu wa chekechea wa hapa mtaani, nikiwa nusu ya kichwa, chanuo kikanidondoka. Nikakiokota, kikadondoka tena. Nilidhani ni mafuta ya nywele. Nikajifuta mikono kwenye khanga, na hapo ndipo nilipoviona vidole vyangu. Vilikuwa vimejaa na kung'aa, pete ya ndoa imezama kwenye nyama. Vifundo vya mikono vikaanza kuwaka moto, halafu magoti, halafu mwili wote ukatetemeka. Mwalimu alijifunga kitambaa kichwani akaondoka na nusu yake, huku akiniambia pole mama, pole, mpaka getini.

Filbert aliporudi alinikuta nimelala mkekani. Alisonga ugali, akaniletea na kijiko, maana alishaona tonge litanishinda. Kijiko nacho kikanishinda. Basi akawa ananilisha, na simu ikaita. Alinishikia sikioni.

"Mama, habari za leo?"

"Nzuri, Sista. Za huko?"

"Nzuri. Hakuna tatizo?"

"Hakuna, tunamshukuru Mungu."

Filbert aliiondoa ile simu sikioni pangu akaitazama kama ndiyo iliyosema. Kisha akaiweka sikioni pake. "Sista, mimi ni mume wake. Huyu anayesema nzuri nimemlisha ugali sasa hivi kama mtoto. Njooni."

Alipokata, alinigeukia. "Kwa nini umemdanganya yule dada?"

"Sijamdanganya. Amenisalimia, nimejibu salamu."

Unaweza kucheka, lakini nilimaanisha. Sisi hatulelewi kumwaga maumivu mlangoni. Kirundi kina msemo kwamba machozi ya mwanamume hutiririka kwenda tumboni, na mama aliusema kwa wanawake pia, tena kwa watoto. Kambini ukiulizwa habari ulijibu ni meza, yaani ziko njema, hata kama tangu jana hamjapika. Na hapa Kigoma ni vivyo hivyo, Waha na Wabembe na Wamanyema wote. Mtu atakwambia nzuri, ataleta kiti, utakaa, utakunywa maji, na ndipo atakapokwambia kuna msiba ndani. Habari mbaya husubiri mgeni akae. Sasa simu hukaa wapi?

Gari lilikuja asubuhi. Walinipima homa, wakachukua damu, wakavipiga picha vidole vyangu kutoka kila upande. Daktari aliviminya kimoja kimoja kwa upole, na mimi niliuma khanga. Nilimuuliza swali lililokuwa limenikaa kooni tangu chanuo kidondoke.

"Daktari, vitabaki hivi? Kama vya mama yangu?"

"Kwa watu wengi uvimbe wa namna hii hutulia wenyewe."

"Sikuuliza wengi. Nauliza hivi vyangu."

Alivua miwani. "Sijui, Mama. Ninyi ndio wa kwanza. Naamini vitapona, lakini siwezi kukuapia. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba hatutakuacha."

Nilimheshimu kuanzia hapo. Angeniambia usijali, ningejitoa siku ileile.

Sindano zote zikasimamishwa. Kundi zima la kwanza likaitwa, na la pili pia, waelezwe. Stoo ile ikajaa hadi mlangoni, mvua inapiga bati, kila mtu na mwavuli wake unaochuruzika. Mimi nilikaa mikono imefungwa ndani ya khanga, nikiona aibu kama mwizi. Msaidizi mmoja alipita na kuuliza kila mtu. Wewe je? Nzuri. Wewe? Nzuri tu. Wewe, Mzee Rajabu? Nzuri, mwanangu, namshukuru Mola. Nikabaki mimi peke yangu mwenye vidole vya maboga.

Mama mmoja wa nyuma yangu akasema, si kwa sauti ndogo, "Warundi bwana. Huyu atatuharibia."

Iliniuma kuliko vile vidole. Miaka yote hiyo Bangwe, watoto wangu wanajua Kiha kuliko baba yao, na bado neno lile lilikuwa limekunjwa mahali likinisubiri. Nilianza kufikiri kweli kwamba labda kasoro ni yangu mwenyewe, kwamba dawa ni njema na mwili mbovu ni wa Godeliva, uliokulia kwenye foleni za mgawo.

Ndipo Sista Neema alipoingia. Alitutazama, akamtazama yule msaidizi, akatoka. Aliporudi alikuwa na birika kubwa la chai na vikombe, na mtu nyuma yake amebeba maandazi. Akavuta kiti, akakaa katikati yetu.

"Mwakeye," akatuamkia kwa Kiha, nasi tukaitikia.

Hakuuliza kitu chochote. Alitumiminia chai. Alisema mvua ya Kidahwe imelala juu ya mihogo ya mama yake, na kwamba mama yake mwenyewe aliwahi kuficha jipu mpaka likapasuka kanisani, kwenye sadaka. Watu wakacheka. Mzee Rajabu alicheka pia, akiwa amevuta miguu chini kabisa ya benchi. Chai ikanywewa. Mimi nilishikiwa kikombe na Bi Mwajuma, bila kumwomba.

Vikombe vilipokauka, Sista akasema taratibu, "Ndugu zangu, mimi leo sijaja kusalimia. Kundi la pili litapewa dawa nyingi kuliko yenu. Daktari anasubiri neno kutoka humu, aanze au asianze. Akianza, wa kwanza kuchomwa ni Bi Mwajuma."

Mzee Rajabu aliangalia kikombe chake, halafu akamwangalia mkewe, ambaye bado alikuwa amekishika kikombe changu. Akainama. Alivuta mguu wake kutoka chini ya benchi, na wote tukaona kwamba amevaa kandambili iliyokatwa mkanda ili mguu uingie. Kifundo kilikuwa kimevimba kama mkate wa bofulo.

"Sista," alisema, "nilikwambia nzuri. Basi nzuri yenyewe ndiyo hii."

"Yebaba we!" Bi Mwajuma akaruka. "Wewe si uliniambia umejikwaa kwenye mtumbwi?"

"Ningekwambiaje? Ungeogopa kuchomwa."

"Ningeogopa! Sasa si ndiyo maana ya kuogopa hiyo, Rajabu?"

Tulicheka, na kicheko kile kilifungua mengine. Mmoja akasema goti lake halikunji sawa tangu sindano ya pili, anasali amekaa. Mwingine alikuwa amepata homa akanywa dawa za malaria kimyakimya. Yule mama wa nyuma yangu alitoa mkono wake wa kushoto kutoka kwenye gauni akaulaza mapajani kwake, umevimba kama wangu. Hakuniomba radhi siku ile. Alinisogezea andazi, na nikalila.

Kuanzia hapo hatukupigiwa simu tu. Mtu wa utafiti alikuja nyumbani, akakaribishwa, akakaa, akanywa maji, ndipo aliposikia. Daktari alituambia waziwazi kwamba uvimbe umetokana na chanjo, kwamba kundi la pili halitapewa kiasi kikubwa, bali kidogo kuliko chetu, na si kabla sisi hatujatulia. Aliuliza nani anataka kujitoa. Sikujitoa. Kujitoa kusingenirudishia vidole.

Masika yale ndiyo ninayotaka kuyasema kwa wanaopita huko sasa. Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya. Niliamka vidole vimekakamaa, nikaviloweka kwenye beseni la maji ya vuguvugu mpaka vikubali kukunja nusu. Filbert alinifunga vifungo vya gauni, alinichana nywele vibaya sana, akaninawisha. Yule aliyeninunia kwa kukubali sindano sasa aliondoka Kibirizi mchana kuja kunipikia, ananuka dizeli. Hakusema hata siku moja lile neno, "Nilikuambia." Alilisema kwa macho tu, tena mara nyingi, na mimi nilijifanya siyaoni. Siku moja nilimtupia maneno mabaya kwa sababu ya chai tu, kwamba ameweka sukari nyingi. Akainywa yeye, akaniwekea nyingine. Nililia baada ya yeye kutoka.

Wateja walikwenda kwa msusi wa mtaa wa Mwanga. Ningefanya nini? Mwalimu wa chekechea alimaliziwa huko nusu yake ya pili, akaja kunionyesha: upande wangu umetulia, upande wa yule mwingine umepinda kama njia ya mbuzi. Alisema hatafumua mpaka nipone, ili watu walinganishe. Sijawahi kupewa dawa nzuri kuliko ile. Wengine walikuja tu kukaa kwenye viti vyangu, kupiga soga, kisha wakaondoka wameacha ndizi au dagaa kwenye kikapu mlangoni.

Niliogopa. Naandika hivyohivyo. Kila nilipotazama vidole vyangu niliona vya mama, na nilihesabu maisha yangu yaliyobaki kwa vichwa ambavyo sitavisuka. Na mama mwenyewe sikumwambia. Aliponipigia kutoka kambini aliuliza amakuru, habari, nikajibu ni meza. Nikamuuliza yeye, akajibu ni meza. Tulikuwa tunadanganyana kwa heshima kubwa.

Kila nilipokwenda kituoni niliminya kifaa kidogo cha mpira kinachopima nguvu ya mkono. Mwanzoni mshale haukutikisika. Mvua zilipopungua ukatikisika. Pete ikaanza kuzunguka tena kidoleni. Mzee Rajabu alirudi ziwani kabla yangu, akanitumia salamu kwamba amevuta nyavu bila kupiga kelele, isipokuwa kidogo. Kundi la pili lilichomwa kile kiasi kidogo, Bi Mwajuma wa kwanza kama alivyopangwa. Mkono ulimuuma siku moja, basi, na alipoulizwa habari alieleza hadi alivyoota usiku. Sista Neema ilibidi amwombe afupishe.

Kama umeitwa kwenye jambo kama hili, nami unaniuliza kama ukubali, sikuamulii. Mimi ningekubali tena. Lakini kubali ukijua kwamba kazi uliyopewa ni kusema. Mkono wa kuchomwa kila mtu anao. Ukiona mdomo wako unakimbilia nzuri, mwambie muuguzi akae kwanza.

Kiangazi kilipoanza, mama alipata kibali cha kutoka kambini akaja kunitembelea. Filbert ndiye aliyekuwa amemwambia, bila kunishirikisha. Alishuka kwenye gari, akanishika mikono kabla ya kunisalimia. Akaigeuza, akaiweka juu ya yake, akaiangalia yote minne pamoja. Vidole vyangu vilikuwa vimeshapungua, ila vifundo viwili bado vilikuwa vinene. Aliingia ndani, akala, akalala.

Kesho yake asubuhi alitoka barazani, akafungua kitambaa chake. Nywele zilikuwa zimekua, nyeupe, zimesimama. Akakaa chini kwenye mkeka, katikati ya magoti yangu, akanipa mgongo.

"Nisuke, mwana wanje."

"Mama, bado sijajaribu."

"Jaribu kwangu."

Nilichukua chanuo. Kilikaa mkononi. Nikachana njia ya kwanza, ikaenda kombo, nikaifuta nikachana tena. Nikagawa nywele mafungu matatu, nikaanza. Vidole vilikuwa vizito, vinafikiri kabla ya kutii, na kila mkunjo uliniuma kidogo. Mkeka wote ulikuwa na jua nilipomaliza mstari wa kwanza. Wa pili ulienda upesi zaidi. Kwenye wa tatu nilisahau kuogopa, nikakaza kama ninavyokaza siku zote, kutoka kwenye ngozi kabisa.

Mama akatikisa kichwa.

"Godeliva, unaniumiza."

Mikono yangu ikasimama palepale. Mwanamke huyu alinizaa akiwa kimya. Alivuka mpaka kwa miguu akiwa kimya, akaugua homa ile kambini huku akiwaambia wageni wote ni meza. Sikuwahi, hata mara moja maishani mwangu, kumsikia akisema neno lile.

"Umesemaje, Mama?"

"Nimesema inauma! Unavuta mno. Vidole gani hivyo, vya chuma?"

Nilianza kulia na kucheka kwa pamoja, machozi yakamdondokea kwenye njia nilizochana. Filbert alitoka ndani mbio, spana mkononi.

"Nini? Kuna nini?"

"Mama anaumia!" nikampigia kelele. "Filbert, sikia, Mama anaumia!"

Alitutazama wote wawili, akaketi kizingitini, akafunika uso kwa mkono uliojaa grisi. Mama akasema kama tumemaliza wazimu wetu, kichwa chake bado kiko nusu. Nikalegeza mkono kidogo, nikaendelea kusuka.